Abiria Anayekanyaga

Kwetu Amukura, mtu akipanda nyuma ya baiskeli ana kazi mbili tu: kushika mzigo wake na kulipa nauli. Kukanyaga ni kwa aliye mbele. Desturi hii imenizidi umri. Vijana wa Busia walianza kubeba watu kwa baiskeli miaka ya 1960, wakiwavusha ile nafasi iliyo kati ya geti la Kenya na geti la Uganda, na toka hapo hakuna abiria aliyewahi kuombwa asaidie. Basi jioni moja bwana yangu akaingia uani akikokota baiskeli ndefu yenye siti mbili na pedeli nne, akaniambia kwa furaha, "Mama watoto, hii siti ya nyuma ni yako."

Alikuwa ameitoa ghalani kwa mjomba wake huko Chakol, ilikoachwa na mwalimu mmoja mzungu aliyerudi kwao miaka mingi iliyopita. Kuku walikuwa wameifanya makao. Kutu ilikuwa imekula rangi hadi jina la kampuni halisomeki, na siti ya mbele ilibaki springi tupu. Mjomba aliitoa bure. Huyo mjomba namfahamu. Hata maji ya kunywa hukupa huku akihesabu mafunda. Mtu wa namna hiyo akikupa kitu kikubwa bure, ujue kimemshinda.

Baiskeli ya namna hii, yaani tandemu, ina cheni mbili. Ya kulia inazungusha gurudumu la nyuma, kawaida. Ya kushoto inaunganisha miguu ya wa mbele na ya wa nyuma, ili wakanyage pamoja watake wasitake. Wa mbele ana usukani, breki, gia na kengele. Wa nyuma ana mgongo wa wa mbele.

Tuliipeleka Busia kwa fundi wa kuchomelea ambaye hatishwi na chombo chochote chenye magurudumu. Ndiye anayeunda zile baiskeli za magurudumu matatu ambazo ndugu zetu wenye ulemavu hubebea mizigo kuvuka mpaka, na chache zina sehemu ya mzigo inayoshinda kitanda changu. Akaizunguka yetu, akaipigapiga fremu kwa spana.

"Mzigo unakaa wapi?"

"Hakuna mzigo, fundi. Ni ya watu wawili."

"Huyu wa nyuma analipa?"

"Huyu ni bibi yangu."

"Kwa hivyo halipi."

"Anakanyaga."

Fundi akazima mashine na kuinua miwani yake myeusi ili anione vizuri.

Magurudumu hayakutusumbua. Huku kwetu baiskeli ya Black Mamba ndiyo iliyolea watu: imebeba magunia, wagonjwa, maharusi na majeneza, na ingawa pikipiki zimeinyang'anya abiria, vipuri vyake bado vinapatikana sokoni. Rimu yake ya nyuma ina matundu 40 ya spoku na ya mbele 32, na tandemu yetu, kwa bahati, ilitengenezwa kwa hesabu hiyo hiyo ya Waingereza. Gololi zikabadilishwa, grisi ikapakwa, tairi mpya zikavikwa. Tungeishia hapo tungekuwa salama, lakini bwana yangu alitaka kuiboresha. Akanunua gia saba za baiskeli ya mtumba, taa ya pikipiki, kishikio cha simu, na vioo viwili vya pembeni. Alisema vioo ni vya kuangalia magari. Kwa pale nilipoketi, vilikuwa vinamwonyesha mimi tu nikihema.

Balaa lilikuwa krenki yangu ya kushoto. Ilikuwa na ufa, na krenki ya kushoto yenye meno ya cheni haipatikani Busia wala Malaba, kwa sababu baiskeli za watu wenye akili zina meno upande wa kulia tu. Fundi akachukua krenki ya kulia ya Black Mamba, akaipachika kushoto, akagonga kota pini, ikakaa.

"Chuma ni chuma," akasema.

Chuma ni chuma kweli, ila thredi si thredi. Pedeli ya kulia hukazwa kwa kuzungushwa kulia, ya kushoto kwa kuzungushwa kushoto. Si ukaidi wa viwanda. Unapokanyaga, ekseli ya pedeli hujisogeza kidogo kidogo ndani ya krenki, na thredi zimepangwa ili mwendo huo uzidi kuikaza. Ndugu Wright wa Marekani, waliokuwa mafundi wa baiskeli kabla ya kurusha ndege mwaka 1903, walilijua hilo. Ukihamishia krenki ya kulia kushoto, kila unapokanyaga unaifungua pedeli mwenyewe, na kadiri unavyojituma ndivyo inavyotoka. Nimefanya kazi za kuajiriwa zenye utaratibu huo huo, lakini hizo angalau zilikuwa na mshahara.

Tukaizindua Jumapili baada ya misa, safari ya Malaba. Watoto walitukimbilia wakitusalimu kwa kelele "Yoga! Yoga!" mpaka pumzi ikawaishia. Pale stejini vijana wa pikipiki walisimama wote juu ya viti vyao.

"Madam, huyo anakulipisha ngapi?"

"Simlipi."

"Na bado unakanyaga? Njoo hapa ukae, nitakubeba kwa deni!"

Bwana yangu akapiga kengele, jambo ambalo halikusaidia.

Kwenye mwinuko cheni ya kushoto ikaanza vituko. Tandemu huwa na kikombe cha kuikaza kwenye ekseli ya krenki za mbele, lakini chetu kilikuwa kimeganda kwa kutu, kwa hivyo cheni ilining'inia, na kila tukikazana iliruka jino moja. Jino moja si kitu. Ila meno yakiruka ya kutosha, mguu wa bwana uko juu ukijiandaa kushuka na wangu uko chini umeshamaliza. Yeye anavuta pumzi, mimi nasukuma. Mimi napumzika, yeye anasukuma. Na baiskeli inakwenda kwa kuinama huku na huku hadi mama mmoja aliyekuwa akianika mihogo kando ya barabara akavuta turubai lake karibu na nyumba.

"Kanyaga basi!" akafoka wa mbele.

"Nakanyaga!"

"Douglas Sidialo alipofushwa na bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998. Akapanda tandemu kutoka Cairo mpaka Cape Town! Wewe una macho mawili, Malaba inakushinda?"

Namheshimu sana Sidialo. Sidhani kama dereva wake alikuwa akimhutubia kwenye mlima.

Nikagundua hapo siri ambayo bwana yangu hakunifunulia. Kwa vile miguu yetu imefungwa cheni moja, nikiizuia yangu, yake nayo inakwama. Wa nyuma hana breki, lakini ana mgomo. Nikagoma. Mtu wa mbele akasukuma, akasukuma tena, akageuka kunitazama, na tulipolikosa shimo kwa unywele akarudi kutazama mbele akiwa na adabu nyingi kuliko alizoondoka nazo nyumbani.

Tukaanza upya kwa amani, mimi nikijituma kwa moyo wote, na ndipo pedeli ya kushoto ikanitoka pamoja na mguu. Mguu ulirudi. Pedeli ilibingirika mtaroni, na wavulana wawili wakaiokoa na kudai ada ya kuiokoa. Mwendo uliobaki niliukanyaga kwa mguu mmoja, tukipita foleni ya malori ya mpakani. Madereva waliolala kwenye machela chini ya matrela yao waliamka kutushangilia, nadhani ndicho kitu cha kwanza kuwapita kikisonga tangu asubuhi.

Malaba tulimpata fundi wa malori. Hakutaka kusikia habari za thredi. Akairudisha pedeli mahali pake, akaichomelea kwenye krenki, cheche zikaruka, akamwagia maji.

"Hiyo sasa haitoki mpaka kiama."

Nilikuwa nimeketi kwenye siti yangu nikipunga leso usoni wakati bibi mmoja mzee alipotusogelea na kikapu cha omena na ndizi.

"Mwanangu, Amukura unanifikisha kwa ngapi?"

"Tata," bwana yangu akamjibu akitabasamu, "kwa hii, anayekaa nyuma anakanyaga."

Bibi akaziangalia pedeli. Akaniangalia mimi, jasho na leso. Akaweka kikapu chini taratibu.

"Haya. Nikikanyaga, utanilipa ngapi?"

Bwana yangu alicheka peke yake. Mimi nilikuwa nangoja kusikia bei.