Namna ya Kurudi na Picha Nzuri bila Kutoka Jasho

Unasafiri, mkononi una simu au kamera, na unataka picha za maisha ya watu zitakazowanyamazisha jamaa zako sebuleni. Usione haya, sote tunapenda kusifiwa. Ila wengi huzitafuta picha hizo kwa mbio: asubuhi kijiji hiki, mchana kile, huku wakiwavizia watu wasio na habari. Hurudi wamechoka, na picha zenyewe ni za visogo. Mimi nakupa njia ya mvivu. Tuseme unakwenda Zanzibar, lakini hila hizi zinafanya kazi popote penye watu.

1. Mwachie jua kazi
Kabla hujafikiria kununua lenzi, tazama ramani. Paje na Jambiani ziko pwani ya mashariki, Forodhani ya Mji Mkongwe inatazama magharibi. Basi asubuhi uwe Paje, jioni uwe Forodhani, na mchana ulale. Huku karibu na ikweta jua hupanda upesi, na likifika utosini macho ya kila mtu hugeuka mashimo meusi. Ikibidi upige saa sita, msogeze mtu kwenye kivuli cha mlango. Nuru itamfikia usoni taratibu, na watu watakusifu wewe.

2. Kaa kitako
Nenda Jaws Corner, pale Mji Mkongwe, agiza kahawa na kashata, kisha keti barazani na kamera mapajani. Kikombe cha kwanza watakutazama wewe. Cha pili watarudi kwenye dhumna na ubishi wao wa mpira. Cha tatu utaulizwa unashabikia timu gani. Hapo sasa piga. Muuza kahawa anainamisha dele na kumimina bila hata kutazama kikombe, maana macho yake yako kwa yule anayebishana naye. Picha hiyo huipati kwa kuikimbilia, itakufuata ulipo.

3. Omba ruhusa
Hii ndiyo njia ya mkato kuliko zote, na ndiyo inayokwepwa zaidi. Kama ni mtu mzima, anza na shikamoo, muulize habari za nyumbani, kisha omba. Atajikaza na kubana midomo. Piga hiyo, mwonyeshe, mcheke pamoja, halafu piga nyingine. Hii ya pili ndiyo uliyoitaka. Akikataa, mshukuru na uendelee na mazungumzo. Jirani yake anakutazama, na namna ulivyopokea kukataliwa ndiyo itakayomfanya yeye akubali.

4. Panda juu ya majivuno ya watu
Kila mtu anataka kupendeza. Kwa nini ushindane na nguvu kubwa kiasi hicho? Mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio mjini Bamako, Mali, mwaka 1948, aliijua siri hiyo. Alitandaza shuka la kitanda liwe pazia la nyuma, akaweka tayari suti, saa za mkononi, redio, hata pikipiki ya Vespa, na mteja akachagua anavyotaka kuonekana. Mara nyingi alipiga picha moja tu kwa mteja, kwa sababu kazi kubwa ilikwisha kufanywa na mteja mwenyewe. Basi bibi akikwambia umsubiri abadilishe kanga, msubiri. Anakutengenezea picha bure.

5. Usimvue mtu zama zake
Mwaka 1910 mpiga picha Edward Curtis aliwapiga picha wanaume wawili wa kabila la Piegan, Marekani, ndani ya hema lao. Kati yao palikuwa na saa ya mezani. Curtis akaifuta kwenye picha ili waonekane watu wa kale. Alijitaabisha bure, akapoteza kitu chenye habari kuliko vyote mle ndani. Wewe usifute. Maji yakipwa pale Paje utawaona akina mama wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizokazwa kati ya vigingi, mmojawapo akiwa na simu ndani ya mfuko wa nailoni. Iache simu. Hata kilimo hicho, ambacho wageni hukipiga picha wakidhani ni cha tangu na tangu, kilishika kasi visiwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mama yule anaishi leo, na leo yake ndiyo picha.

6. Penye sherehe, geuka nyuma
Kila Julai, Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa, yaani mwaka mpya wa jadi. Wanaume hutandikana kwa migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na kamera zote hukimbilia moshi. Waachie moshi wao. Geuka utazame wanawake waliovaa vizuri, wanaoimba na kutupiana mafumbo. Halafu ukubali ukikaribishwa kula, kwa kuwa kwa desturi wenyeji hupenda kuwa na mgeni siku hiyo. Ukiwa na sahani mkononi, hakuna atakayeuliza umefuata nini.

7. Rudisha picha
Chapisha nakala ndogo uzirudishe, au uzitume kwa mtu wa kijijini atakayezigawa. Gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana, na faida yake ni kubwa: safari ijayo hutatafuta watu, wao ndio watakaokuita. Ukizionyesha kwako, chini ya kila picha andika jina la mtu, ikiwa amekuruhusu, na kazi anayoifanya. Usiandike "mwanamke wa kisiwani". Ukishindwa kukumbuka jina, hukukaa vya kutosha. Rudi, agiza kikombe kingine, umuulize.