Utangulizi wa Elimurangi-Mshipi: Somo la Kwanza

Mwanafunzi, keti wima. Leo unaingia katika Elimurangi-Mshipi, taaluma ya rangi za mishipi ya kuvulia baharini. Usiichanganye na Elimurangi-Nyavu, ambayo ni fani ya watu wenye haraka.

Fasili. Rangi ya mshipi ni uhusiano baina ya uzi na jicho. Swali la msingi, basi, ni jicho la nani. Macho yapo matatu: jicho-windwa (la samaki), jicho-winda (la mvuvi) na jicho-uza (la mwenye duka). Hilo la tatu ndilo lililozaa rangi nyingi zaidi.

Aina ya 1: Mshipi-angavu. Hii ni nailoni isiyo na rangi, ambayo wasiosoma hudai haionekani majini. Kipimo cha mpindonuru cha maji ni 1.33, cha nailoni hukaribia 1.53. Nuru ikivuka lazima ipinde, na uzi ukajifichua. Florokaboni, yenye 1.42, imesogea karibu zaidi, ila kusogea si kufika. Kwa hiyo tunagawa: (a) mshipi usioonekana na samaki, (b) mshipi usioonekana na mvuvi. Utanzu (b) niliutafuta saa nzima ndani ya ngalawa, nikaupata kwa kidole gumba cha mguu.

Aina ya 2: Mshipi-mwekundu. Nuru nyekundu ndiyo ya mwanzo kumezwa na bahari. Teremsha mshipi huu pima tano na wekundu umeshafifia. Ongeza pima kadhaa, umekuwa kama kivuli. Je, bado ni mwekundu? Madhehebu ya Juu, yaani walio chomboni, husema ndiyo. Madhehebu ya Chini, yaani chewa, hayajajibu. Mimi nafuata ya Chini, maana ndiyo yenye mdomo.

Aina ya 3: Mshipi-buluu. Kama ya 2, kinyume chake.

Aina ya 4: Mshipi-mpauko. Hapa kaza kalamu. Msimu wa kaskazi, nje ya mwamba wa Nungwi, nilimkuta mzee ameuzungusha mshipi wake kwenye chupa ya plastiki, umepigwa na jua hata haueleweki.

"Shikamoo mzee. Mshipi wako rangi gani?"

"Marahaba. Ulikuwa kijani," akajibu, huku akichomeka kipande cha ngisi kwenye ndoana.

Ulikuwa! Zingatia njeo, mwanafunzi: rangi hii ipo katika wakati uliopita peke yake. Nikamwomba anifafanulie nadharia yake.

"Mwanangu, changu hali uzi. Anakula ngisi."

Nimeihifadhi kauli hiyo kama data ghafi.

Wakati huo mishipi yangu minne, ya rangi nne, ilikuwa imeshasokotana chini ya ngalawa, ikazaa Aina ya 5: Mshipi-fundo, wenye rangi zote kwa pamoja, ambao haukutajwa na mtaalamu yeyote kabla yangu. Mzee alikuwa na changu saba. Akanipa wawili, nikachunguze macho.