Macho ni Yangu, Habari Nazipata kwa Majirani

Hebu niambie. Ukiwa na kijana wa kazi, unamlisha, unamlaza, halafu kila anachofanya unakuja kuambiwa na majirani, utamweka? Basi mimi niko nao wawili. Wanakaa hapa chini ya paji la uso. Siwezi kuwafuta kazi. Na wanajua.

Haya mambo yalianzia kwa matatu ya kutoka Gilgil kwenda Nyahururu. Nimeketi dirishani. Simsumbui mtu. Natazama nje tu: nguzo za ua, kondoo, viazi kwa magunia, nguzo tena. Kiti cha mbele kuna mtoto ameegemea bega la mamake, amenigeukia. Ananikazia macho. Nikampa tabasamu. Hakuchukua. Akafungua mdomo, na sauti yenyewe ni ile ya mkutano wa chifu: "Mami, ona! Macho ya huyu guka yanacheza!"

Guka! Mimi na meno yangu karibu yote. Gari zima likageuka. Mama mmoja mwenye kitambaa cha kanisa akahamisha mkoba wake upande ule mwingine. Makanga akasema kama ni mapepo, nilipe nauli kwanza kabla hayajapanda. Nikaapa macho yangu yametulia tuli. Si ningejua? Nani mwenyewe hapa? Mtoto akasema, "Yanaenda pole pole, halafu yanaruka. Tena. Tena." Akawa anahesabu. Na hakuna mtu alimnyamazisha mpaka Ol Kalou.

Nilipofika nyumbani, moja kwa moja kwa kioo. Tazama jicho la kushoto. Limetulia. Hamia la kulia. Limetulia pia. Rudi kushoto. Tuli. Nikamwita mke wangu, Mama Shiro, awe shahidi.

"Yamesonga," akasema.

"Hayajasonga."

"Yamesonga, Baba Shiro. Kwani mimi ni kipofu?"

"Sasa kipofu ni mimi?"

Kumbe ni mimi. Dada yangu ana kijana anasomea mambo ya macho Nairobi. Huyo mpwa wangu nilimlipia karo muhula mmoja na nusu, na sasa ananilipa kwa habari mbaya. Akaniambia hakuna binadamu anayeweza kuyaona macho yake mwenyewe yakiruka kwa kioo. Mwamerika mmoja, Raymond Dodge, aliliandika jambo hilo 1900. Mwaka wa 1900! Hiyo ndiyo enzi reli ilikuwa inapita Gilgil kwenda Nakuru. Miaka yote hiyo imepita na hakuna mtu aliona haja ya kuniambia.

Kijana akanishika kidevu. Ati nyuma ya jicho, sehemu inayoona vizuri kabisa ni kidogo tu. Nyosha mkono, tazama kucha ya dole gumba. Basi, hapo ndipo unaona sawasawa. Kwingine kote ni ukungu na kubahatisha. Ndiyo maana macho lazima yaruke huku na huku kama mara tatu kwa sekunde, kuokota habari. Na yakiwa yanaruka, ubongo unazima picha. Unaficha safari nzima. Halafu unashona kipande hiki na kile, wewe unadhani uliona yote.

Sasa mimi ni mtu wa kuuliza bei. Nikamwambia apige hesabu. Tuseme mtu yuko macho saa 16. Miruko mitatu kwa sekunde. Hiyo ni 172,800 kwa siku. Kila mruko tuseme unakula sekunde 0.04. Akabonyeza simu. Inakuja karibu masaa mawili. Kila siku ya Mungu, karibu masaa mawili mimi nimefungua macho na sioni kitu! Mama Shiro alikuwa jikoni. Nilijua amesikia kwa sababu mwiko ulinyamaza.

Na ile ya matatu? Ati ni kawaida. Gari likienda, jicho linakamata nguzo moja, linaisindikiza nyuma, ikipotea linaruka mbele kukamata nyingine. Madaktari wa Ulaya waliiona kwa abiria wa treni wakaiita kwa jina la reli. Yule mtoto pia yake yalikuwa yanacheza akitazama nje. Sikuwa na wa kumwambia.

Halafu akanipa mtihani. "Ankoli, tembeza macho pole pole kwa ukuta, kutoka mlango hadi dirisha." Nikatembeza, laini kabisa. Akanionyesha video kwa simu. Aibu! Yanaruka, yanasimama, yanaruka, yanasimama. Akapitisha kidole mbele yangu, nikakifuata. Hapo sasa yakateleza vizuri bila mruko. Yaani macho yangu yanakubali kwenda taratibu yakiwa na mtu wa kufuata. Nikiyaagiza mimi, yanagoma. Mama Shiro akasema hiyo tabia anaijua, haiko kwa macho peke yake.

Hata muuza magazeti amepata fununu. Mimi husoma gazeti pale kwake bila kununua, kwa heshima, nikiwa nimekunja mikono nyuma. Siku hizi nikisimama anashika gazeti analitingisha kushoto kulia. Maandishi yote uji. Nikamwambia mpwa wangu. Akasema nitulize gazeti, nitingishe kichwa. Jaribu wewe mwenyewe hapo ulipo, usimjali mwenzako. Kichwa kinaenda na maandishi yanasomeka! Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu midogo yenye maji. Kichwa kikigeuka, hiyo mifereji inapasha macho habari hapo hapo, nayo yanageuka upande wa pili kwa kipimo kile kile. Gazeti likitingika, sikio halina habari, macho yanalikimbiza yenyewe na yanachelewa. Sasa nasimama pale nikikataa kwa kichwa ukurasa baada ya ukurasa. Watu wanadhani nina uchungu na serikali.

Steji nayo siisemi sana. Gari la kando lilirudi nyuma, mimi nikahisi letu limeng'oa nanga. Nikapiga ukemi: "Makanga, simamisha, mke wangu ameachwa!" Dereva alikuwa chini, anakula mutura. Injini haikuwa hata imewashwa.

Likizo ikafika, Mama Shiro akasema twende Thomson's Falls, na mpwa wangu naye, tupumzishe hayo macho. Maji yanaanguka mita 74. Nikachagua mahali pamoja katikati ya maji nikakaza macho, nipate thamani ya pesa ya getini. Nikatosheka, nikahamisha macho kwa jabali la kando. Jabali likaanza kupanda! Wallahi, lilikuwa linaenda juu, majani na kila kitu. Nikashika ua nikapiga kelele: "Kimbieni, mlima unaporomoka!"

"Unaporomoka kwenda juu?" akauliza Mama Shiro.

Wanafunzi wa shule fulani wakaanza kucheka. Mwalimu wao akacheka zaidi. Mpwa wangu akanieleza mbele yao wote, kwa sauti. Ati kwa ubongo kuna kikosi cha kutambua kinachoshuka na kingine cha kutambua kinachopanda. Ukitazama maji yakishuka muda mrefu, kikosi cha kushuka kinachoka. Ukihamia mwamba uliotulia, kile cha kupanda ndicho kinasikika, na mwamba unaonekana ukipanda. Bwana mmoja, Robert Addams, aliyaona haya Foyers, kule Scotland, mwaka wa 1834. Na Joseph Thomson aliyeyapa haya maji yetu jina mwaka wa 1883 pia alitoka Scotland. Addams aliona jabali likipanda, akaandika kwa jarida la wasomi. Mimi nimeona lile lile, nimeambiwa nikae mbali na ua.

Nikajiondoa. Pale juu kuna vijana wenye vinyonga kwa vijiti, wa kupigwa nao picha. Sasa, kwetu kinyonga si mnyama wa kuchezea. Cucu wangu akimwona alikuwa anabadilisha njia. Lakini huyu alinishika. Jicho moja lilikuwa linatazama mimi, lingine linatazama kibeti cha Mama Shiro. Kila moja na safari yake! Wala halioni haya. Nikainama nikamchunguza, jicho hili, jicho lile.

"Mia, mzee," akasema mwenyewe.

"Sipigi picha. Naangalia tu."

"Kuangalia ni mia kwa jicho. Wewe umetumia yote mawili."

Mama Shiro akafungua kibeti. "Chukua hamsini," akamwambia. "Huyu wangu masaa mawili kila siku haoni kitu."