Mama Mkwe na Mashine ya Pumzi

Mama mkwe wangu ameniona kitandani. Kwa Wabukusu hiyo ni habari nzito kuliko ngiri iliyonipeleka hospitalini. Mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali meza moja, na wakikutana kwenye njia nyembamba ya shambani mmoja hujipenyeza kwenye mahindi mwingine apite. Nina mvi sasa, na miaka yote ya ndoa nimefaulu kumwonyesha mama yule koti na kisogo tu. Wiki jana alfajiri amenikuta katika wodi ya wanaume mjini Kitale, nimelala chali, blanketi limekomea kiunoni, tumbo na bandeji yake viko nje, na usoni nimefungwa maski yenye mpira mrefu. Alipiga yowe. Nikafungua mdomo nimwombe radhi. Sasa, maski yangu ni ya pua. Hewa ikiwa inasukumwa puani, ukifungua mdomo yote hutokea huko. Kwa hiyo, mbele ya mama mkwe, nilitoa mlio ambao sitaueleza.

Ni lazima niieleze mashine yenyewe, ingawa nikianza huwa siwezi kunyamaza. Wageni nyumbani kwangu hukumbuka ghafla kwamba wana ng'ombe wa kukamua.

Sehemu ya koo iliyo nyuma ya ulimi haina mfupa wa kuishikilia wazi. Mchana kazi hiyo hufanywa na misuli, na ukilala misuli hulegea. Watu wengi hulegea kidogo, wakakoroma, ikawa kero ya aliye pembeni yao. Sisi wengine ulimi hurudi nyuma, kaakaa laini hushuka, na koo hufumba kama mfuko wa nailoni uliolowa, wa enzi zile kabla serikali haijaupiga marufuku mwaka 2017. Pumzi inakatika. Ikifika sekunde 10 madaktari huandika moja. Ikikatika au kupungua mara 30 kwa saa, ugonjwa huitwa mkali. Kila mara ubongo hushtuka, hukuamsha nusu, huvuta hewa kwa mkoromo wa kuamsha mbwa wa jirani, kisha hulala tena. Asubuhi hukumbuki lolote. Unajiuliza tu kwa nini umesinzia matangani na kipaza sauti mkononi.

Zamani tiba ya hali kali ilikuwa kutobolewa koo. Mwaka 1980 daktari mmoja wa Sydney, Australia, Colin Sullivan, akachukua mota ya mashine ya kufyonza vumbi, akaigeuza isukume badala ya kufyonza, akaiunganisha na mpira na maski ya pua. Mwaka uliofuata akachapisha matokeo katika jarida la Lancet. Nikiwaza usiku ule wa kwanza, mtu amekubali kufungwa usoni kifaa cha kusafishia zulia, huwa navua kofia. Hewa yenyewe haina dawa, wala si oksijeni. Ni hewa hii hii ya chumbani, imetiwa msukumo kidogo tu ili koo lisifumbe. Msukumo huo hupimwa kwa sentimita za maji, kuanzia 4 hadi 20. Wangu ni 11, yaani ungeweza kupandisha maji sentimita 11 ndani ya mrija uliosimama wima. Sentimita 11 za maji, na mke wangu amerudi kulala chumba kimoja nami.

Daktari wa nusukaputi, nilipomsimulia haya, hakukumbuka ng'ombe yeyote. Aliandika kwenye faili kwa herufi kubwa: AJE NA MASHINE YAKE. Alikuwa na sababu. Dawa za nusukaputi huzidi kulegeza koo, na dawa kali za maumivu, jamii ya mofini, huufanya ubongo uchelewe kushtuka pumzi inapokatika. Kwa mtu wa aina yangu usiku baada ya upasuaji ndio wa kuogopwa. Basi nikaipakata mashine kutoka Lugulu, tukapita Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, na makanga akaitoza nauli yake.

Faili lilijua. Wodi haikujua.

"Mzee, vifaa vya umeme vya nyumbani haviruhusiwi," sista alisema. "Juzi tumemnyang'anya mtu koili."

"Sista, hiki hakipiki."

"Na hayo maji kwa chupa?"

"Ni ya kuweka ndani, hewa isinikaushe pua. Yamechemshwa yakawa mvuke, mvuke ukarudi kuwa maji."

"Ah, ya betri."

Nilisema ndiyo. Kuna vita ambavyo mtu mwenye njaa ya upasuaji hapigani.

Soketi iliyofanya kazi ilikuwa moja, ukutani kati yangu na kijana aliyefungwa plasta mguuni. Ilikuwa na ekstensheni, na ekstensheni ilibeba simu za wodi nzima. Kijana yule ndiye aliyekuwa mwenyekiti: yeye alijua ya nani imejaa, ya nani inangoja, nani amekuja na chaja mbovu ya kuunguza wenzake. Tulijadiliana kabla sijapelekwa thieta, na niliporudi nilikuta nimetengewa tundu la mwisho, kwa masharti.

Upande wa pili alilala mzee mmoja ambaye hakuyaondoa macho kwangu. Maski ina vitundu vya kutolea hewa niliyokwisha kuitumia, nayo huvuma. Mzee alisikiliza mvumo ule kwa muda mrefu.

"Kijana wangu, hiyo kitu inavuta hewa ya humu ndani?"

"Ndiyo, mzee, ni hewa hii hii."

"Yetu."

Nikavua maski nimweleze. Nilianza na ulimi, nikafika Sydney, nikamaliza na sentimita za maji. Alinisikiliza kwa heshima zote. Kisha akamwita sista akaomba ahamishiwe kitanda cha karibu na dirisha.

Sikumwona aliyepiga simu. Naambiwa ni mtu aliyekuwa akimuuguza nduguye, mwenyeji wa kwetu, aliyenitambua nikiwa nimelala. Alipiga Lugulu usiku huo huo akasema kwa nia njema kabisa: "Mzee amewekwa kwa mashine." Nchi hii kila mtu anajua maana yake. Mtu akiwekwa kwa mashine, familia hutafuta hatimiliki ya shamba. Simu ya mke wangu ilikuwa imezimika chaji, kwa hiyo hakuna aliyekanusha. Habari ilifika Kamukuywa, kwa wakwe zangu, kabla ya jogoo, na mama mkwe akapanda matatu ya kwanza, kwa maana aliamini anakuja kumwona marehemu mtarajiwa, na kwa mtu wa namna hiyo mila hulegezwa.

Baada ya yowe, na baada ya mlio wangu, alijifunika uso kwa leso akageukia ukuta. Sista akaja mbio.

"Anapumua?" mama aliuliza ukuta.

"Mama, anapumua kuliko sisi sote."

Akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akaweka chini chupa ya uji wa wimbi iliyofungwa kitambaa cha kudarizi, akaondoka bila kunitazama. Uji ulikuwa bado moto.

Sehemu moja ya usiku ule hainichekeshi. Katikati yake niliamka nakabwa, maski iko usoni, mashine kimya. Zamu ya simu ya mtu ilikuwa imefika, na tundu lilikuwa langu. Nilikuwa nimeshachomwa ile sindano ya maumivu aliyoiogopa daktari. Simlaumu mwenyekiti, kwake kile kilikuwa chaja kubwa ya mzee msumbufu. Wala sista, aliyekuwa peke yake na wodi nzima. Lakini daktari aliandika, na maandishi yake hayakuzaa soketi, wala mtu wa kuniangalia, wala hata karatasi ya kubandika ukutani, USICHOMOE. Tumezoea kuambiwa tuje na glovu, na pamba, na sindano, na shuka. Sasa tunakuja na pumzi yetu, na bado tunapanga foleni ya kuipumua.

Siku ya kutoka, askari wa getini alidai risiti akidhani nimeiba mali ya hospitali. Kwenye bili palikuwa na mstari wa oksijeni; nilipouliza, karani alijibu, "Si ulikuwa na maski?"

Lugulu nilikuta kamati ya mchango wangu imekwisha kuchaguliwa, ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Walinipongeza kwa kupona, bila furaha kubwa. Mweka hazina anasema pesa zilizochangwa hazirudishwi kwa kanuni. Zitakaa kwenye akaunti, maana mashine bado ninayo.