Taa ya Ngazini

Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa upinde, mishale na filimbi. Kwenye vilima vya mawe vya Mwanza ulinzi huo umestaarabika: una daftari, risiti na mchango wa kila kaya. Filimbi ipo bado, ila hulia zaidi mlangoni kwa asiyelipa.

Juzi kikao cha ulinzi cha mtaa mmoja wa mlimani kilijadili taa ya ngazini, wanakopita kina mama alfajiri na beseni kichwani kuwahi dagaa sokoni Mwaloni, Kirumba. Taa haikupatikana, ilipatikana kamati ya taa, na soda zake. Kisha mwenyekiti akafunga kikao mapema: “Ndugu wananchi, giza linaingia, na njia ile mnaijua.”