Dawa ya Mkono Usio na Maradhi

Harufu ya mafuta ya habasoda ingali mkononi mwangu niandikapo maneno haya, na mkono wenyewe, naapa, haujapata kuugua. Jana alasiri nilimpelekea hajati mmoja mwenye heshima zake mchoro wa nyumba anayokusudia kujenga; naye, baada ya kuukagua kwa miwani na kuona jinsi kila mstari ulivyotikisika na kila pembe ilivyopitiliza, aliuweka chini taratibu, akanishika kiganja mbele ya wanawe, akauliza kwa huruma iliyonikata maini, "Mwanangu, tetemeko hili limekuanza lini?"

Msomaji aniwie radhi nikieleza, maana ufundi wenyewe ni wa ajabu. Ivan Sutherland alipodhihirisha Sketchpad, programu yake ya kuchorea kwa kompyuta, katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1963, fahari yake ilikuwa kwamba mistari iliyochorwa ovyo kwa kalamu ya nuru iliamriwa isimame sambamba au kwa pembe mraba, nayo ikatii. Warithi wa maarifa hayo wakaja kujitaabisha kuifundisha mashine hiyohiyo kukosea. Katika Revit, programu ya kuchorea majengo, tangu toleo la 2015, vipo vipimo viwili, kila kimoja kikianzia 0 hadi 10: kimoja cha mtikisiko, cha pili cha mistari kuchupa nje ya pembe, kama wachoraji wa penseli walivyozoea kuiacha. SketchUp nayo hufuata hila nyingine: huuvika kila ukingo picha ya mstari uliochorwa na mkono wa binadamu, na kwa kuwa mstari mfupi ukivutwa kufunika ukingo mrefu hupotewa na sura, huwekwa akiba ya mistari ya urefu mbalimbali, programu ikachagua unaolingana. Akiba ikiwa haba, kilema kilekile hujirudia. Madirisha ya hajati aghalabu yalikuwa na kijikulabu kimoja, chini kushoto, na hicho ndicho kilichomthibitishia kwamba maradhi yangu huja kwa vipindi.

Makusudi yangu yalikuwa mema. Mchoro ulionyooka na kung'aa humtia hofu mwenye nyumba. Hudhani mambo yamekwisha kukatwa, akaridhia jiko asilolitaka kwa kuona haya kulipinga. Wenye dalili za penseli humpa idhini ya kusema. Hajati alisema sana, ila habari za mishipa. Nilikandwa mafuta hadi kiwiko, nikafungwa leso, nikasomewa dua, nami nikaitikia amina kwa taadhima. Maana ningalisema kwamba iliyotetemeka ni kompyuta, wanawe wangaliuliza mimi nalipwa kwa lipi.

Kabla ya hapo, fundi mmoja aliziona ncha zilizopita pembe akaacha nondo zimechomoza ukutani. Ofisi fulani ya vibali ilinishauri nibadili wino wa printa.

Lakini lililonichoma si mafuta. Nilipokuwa navaa viatu, mwana mkubwa alinivuta kando akataka ujira upunguzwe, kwa hoja kwamba ile ni rasimu tu, na ya mtu mgonjwa. Bwana huyo angaliletewa mistari iliyonyooka angalilipa bila neno, ilhali iliyonyooka ndiyo itokayo kwanza, na mtikisiko ni kazi ya ziada juu yake: kuchagua unene wa penseli, kupunguza mchupo, kuhakikisha ngazi haisomeki kama kichaka. Tulipewa mashine zituondolee aibu ya mkono. Leo twalipia leseni ili aibu irudi, kisha twakatwa ujira kwa sababu imerudi. Hiyo si insafu, wala sioni ucheshi wake.

Basi wateja wangu wote na wajue: bei ya mchoro ni moja, utetemeke au unyooke, na nusu ya malipo hutangulia kabla kipanya hakijaguswa.