Mwongozo wa Kumwadhibu Mtu Bila Kukosea Kitenzi

Kosa la kwanza la mwadhibu mgeni wilayani Karatu ni kuanza na mkono. Anza na kitenzi. Ukikipata kilicho sawasawa, mtu ataumia na majirani watakushukuru. Ukikikosa, utaitwa kwa mtendaji wa kata ukajieleze.

Nyumbani tumia *kurudi*. Baba hampigi mwanawe, anamrudi. Kitenzi hiki hushuka tu: babu kwa mjukuu, shangazi kwa mpwa. Usithubutu kumrudi mama mkwe. Aliyekukosea akiwa rika lako, *mtie adabu*, maana yake unayo adabu ya kukutosha na nyingine imebaki ya kumtia mwenzio. Hakuna atakayekuomba uthibitisho. *Nitakukomesha* hutangulia tendo, na kadiri inavyosemwa kwa sauti kubwa ndivyo tendo lenyewe linavyochelewa. *Kukomoa* waachie wengine wakusemee, kwani mwadhibu mwenye akili hajisifu kuwa amemkomoa mtu. Fimbo moja, iliyokatwa mti mmoja, inamrudi mtoto kwa maelezo ya baba, inamtesa kwa maelezo ya mama, na kwa maelezo ya mtoto mwenyewe inamkomoa kwa kuwa ndiye asiyependwa nyumba nzima.

Shuleni mambo yana karatasi. Kanuni za mwaka 1979, zilizorekebishwa 2002, zinaruhusu viboko visivyozidi 4 badala ya 6 vya awali. Mwenye mamlaka ya kuvitoa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, kisha viandikwe kitabuni. Kwa hiyo mwalimu makini hachapi: *anatoa* adhabu, kama mtu anayetoa zawadi. Mwanafunzi naye hachapwi: amekula fimbo, amelambwa fimbo, amechezea fimbo. Lishe na michezo, vyote vimo. Tatizo ni kiboko cha tano, ambacho kitabu hakikukiwekea nafasi. Hicho ndicho kinachoitwa kumtia mtoto adabu, na mtoaji wake huwa hana barua ya uteuzi.

Msidhani uhasibu huu ni wa jana. Mjerumani alikuwa na idadi yake, 25, na wazee wakaipa jina: hamsa ishirini. Chombo kilikatwa kwenye ngozi ya kiboko. Siku hizi kiboko mwenyewe analala kwenye bwawa la Ngoitokitok, ndani ya kreta ya Ngorongoro, akipigwa picha mchana kutwa, na atakayemsogelea ndiye atakayekiona cha moto.

Barabarani, sahau kila ulichojifunza. Kwenye lami ya kutoka Makuyuni, kupitia Mto wa Mbu na Karatu, hadi lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, trafiki hakuadhibu. *Anakuandikia*. Ni shilingi 30,000 kwa kosa moja, na ukijifanya mwanasheria kosa la pili litapatikana kwenye tairi. Dereva wa watalii aliyekomaa huanza na "Shikamoo, afande", hata kama afande amezaliwa mwaka aliopata leseni yeye. Afande akijibu, "Sasa dereva, tunafanyaje?", hapo mpo katikati ya vitenzi viwili, na mwongozo huu hauna la kuongeza.

Ukishapita lango utakutana na kitenzi bora kuliko vyote, *kulimwa*. Mtumishi hulimwa barua, dereva hulimwa faini, mchezaji hulimwa kadi nyekundu. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa 1959 ikiwa na wafugaji ndani yake. Kilimo kilipigwa marufuku 1975, kikaruhusiwa 1992, kikafungwa tena 2009. Maana yake, kwa miaka mingi jembe halali pekee huko juu limekuwa lile la ofisini: ukilima, unalimwa. Mama mwenye mashina mawili ya mahindi nyuma ya boma anaielewa sarufi hii kuliko profesa yeyote wa Mlimani. Ndugu wawili wa Kijerumani, akina Siedentopf, walijimegea shamba lao ndani ya kreta kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini kitenzi kilikuwa bado hakijafika.

Wenyeji wana taratibu zao, na mwadhibu mwerevu huzisoma kwanza. Kwa Wamaasai mtu *hulipishwa*, na mila inataja ng'ombe 49 kwa mwanamume aliyeuawa. Walaigwanani, viongozi wao wa mila, hawana stakabadhi, lakini hakuna aliyewahi kuomba kulipa nusu kwa simu. Kwa upande wa waume wakorofi, nawashauri wasome habari za Wabarbaig wa Hanang, ambao Wadatoga wenzao wanachunga na kufua vyuma Bonde la Eyasi. Mwanaanthropolojia George Klima aliandika mwaka 1964 kwamba wanawake wao wana baraza lao, na mwanamume akiwakosea kama wanawake, wanamtoza dume la ng'ombe. Akikataa kulitoa, kuna laana. Ninawajua wanaume wa mjini ambao wangefurahi kuandikiwa na trafiki wawili badala ya kuitwa mbele ya baraza hilo.

Mwanasiasa naye *hukatwa*. Mwaka 1995 CCM ilimkata jina Dk. Willibrod Slaa kwenye uteuzi wa ubunge wa Karatu. Akahamia CHADEMA, akagombea, akashinda, na jimbo likakaa upinzani hadi 2020. Wakubwa walidhani wametia adabu mtu mmoja, kumbe wapiga kura wana kitenzi chao, *kunyima*, na hutumia miaka 25 kukimaliza. Awamu ya tano ilituletea *kutumbuliwa* na *kuisoma namba*, lakini hivyo vinahitaji uwe na msafara wa magari, na wewe una bodaboda ya mkopo.

Kama huna fimbo, huna stakabadhi, huna ng'ombe wala kura, nenda Ziwa Eyasi ukajifunze kwa Wahadzabe. Hawana chifu wa kumpelekea mashtaka. Mtu akichosha kambi, wenzake hufungasha upinde, kibuyu na watoto, wakaenda kukaa kwingine. Kiswahili kina neno tayari: *amehamwa*. Hapaandikwi kitu, na mkosaji akitaka kukata rufaa inabidi kwanza awatafute majaji porini.

Angalizo kwa wenye nyumba wa Karatu mjini: njia hii haifai kwa mpangaji anayedaiwa miezi minne. Ukimhama, atahamia chumba chako kikubwa.